Fimbo getini au salamu mlangoni, kipi kinamleta mtoto shule?

Sie huku Uyole, Mbeya, mwezi wa saba baridi inauma mpaka mtoto hataki kutoka kwenye blanketi, na akichelewa shule anakula fimbo getini. Fimbo inafanya kazi sikatai, wiki ya kwanza wote wanawahi, ila ya pili yule aliyechelewa dakika kumi haji kabisa, anajibanza kwenye mashamba ya viazi mpaka saa nane ndo anarudi nyumbani, daftari halina hata tarehe. Na kanuni za serikali za 2002 kuhusu viboko shuleni zinasema mwisho viboko vinne, tena kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, sasa pale getini nani anahesabu?

Njia ya pili nimeiona kwa ticha mmoja wa la pili. Anasimama mlangoni anawaita kwa majina, aliyekuwa anaumwa anaulizwa "umepona?", mchelewaji anaingia tu anakaa, maelezo baadae, halafu saa nne kuna uji wa moto. Siku hizi mwanangu ndo ananiamsha mimi jamani! Shida ni kwamba darasa likifika watoto tisini ticha anachoka, na uji unataka mchango wa wazazi, hapo ndo kelele zinapoanza.