Chujio la mkaa wa mifupa: linanasa floraidi, ila muuzaji hasemi litachoka lini

Kwa mkazi wa Maji ya Chai au Ngarenanyuki, mkoani Arusha, sababu ya kununua chujio hili inajulikana: miamba ya volkano ya Mlima Meru huachia madini ya floraidi kwenye chemchemi na visima, na mtoto anayekunywa maji hayo meno yake yakiwa bado yanajengeka huota meno ya kahawia yasiyotakata kwa mswaki. Kuchemsha hakusaidii, kwani maji hupungua kwa mvuke na floraidi yote ikabaki sufuriani.

Chujio nililonunua Usa River ni ndoo mbili zilizopandanishwa. Ya juu ina chembe za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ya chini ina koki. Floraidi huchukua nafasi ya haidroksidi, sehemu ya asili ya madini ya mfupa, na kunasia humo. Ufundi wote uko kwenye uchomaji: moto ukipungua maji hunuka, ukizidi mkaa hupoteza uwezo wa kunasa. Chembe hizi ni nyeusi sawasawa, na baada ya kusuuzwa mara kadhaa hazikuacha harufu wala rangi. Muuzaji alieleza, tena bila kuulizwa, kwamba mifupa ni ya ng'ombe peke yake, jambo ambalo katika nyumba ya Waislamu kama yangu halina mjadala. Maabara ilikuta maji yaliyochujwa yako chini ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Shirika la Afya Duniani, ambacho Tanzania nayo ilikifuata baada ya kuvumilia miligramu 4 kwa miaka mingi.

Kasoro ni kwamba mkaa hujaa, na ukishajaa maji huendelea kupita maangavu na yenye ladha ileile. Chujio la mchanga likichoka huziba, hili halizibi. Karatasi ya maelekezo inasema tu mkaa ubadilishwe "unapochoka", ilhali lita unazoweza kuchuja hutegemea floraidi iliyomo katika maji ya kila kaya. Muuzaji angepaswa kupima maji ya mteja kabla ya kupokea fedha, hasa akiwa jirani na Ngurdoto, ambako Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti wa jambo hilihili.

Chujio haliui vijidudu, hivyo maji yachemshwe baada ya kuchujwa. Yatumike kupikia pia, na magadi yasitiwe kwenye makande, kwa kuwa nayo yana floraidi.