Jenereta ya dizeli ya 5 kVA huku visiwani: nyota tatu

Naona watu wanaulizia sana hizi jenereta za dizeli za 5 kVA, zile zilizofunikwa na boksi la kupunguza kelele, zina magurudumu chini. Mimi ninayo, inaendesha friza mbili za samaki na kibanda cha kuonyesha mpira kwenye kisiwa kimoja huku Kalangala, visiwa vya Uganda ndani ya Ziwa Victoria, ambako nguzo za stima hazijafika, basi ngoja niwaambie.

Stata iko poa, unazungusha ufunguo inashika hapo hapo hata alfajiri ukungu wa ziwa ukiwa umelala juu ya kila kitu. Friza zikiwaka kwa pamoja taa zinafifia kidogo tu halafu zinatulia, tivii haizimi. Kelele wanasema hamna, hiyo ni ya dukani, ila ukiiweka nyuma ya ukuta mtangazaji wa mechi anasikika bila shida.

Sasa hiyo 5. Muuzaji anaitaja kama vile ni kilowati, kumbe hapana, ni kVA, ukitaka kilowati zidisha kwa 0.8 unabaki na kilowati 4, na hizo nne nazo usizibane usiku kucha kama unaipenda mashine yako. Namba ya kwenye kibati ni kitu kimoja, umeme unaoupata ni kingine, na hata nchi ni hivyo hivyo. Komoro kwa mfano, karibu umeme wote ni wa dizeli, na kwa miaka mingi kulikuwa na mashine nyingi za kuhesabiwa ambazo haziwaki, spea hakuna, watu wanakaa gizani. Halafu nchi ya kisiwa mara nyingi haina jirani wa kumvutia waya, sisi Uganda tukikwama kuna Kenya hapo, wao lazima wawe na mashine za ziada zimekaa tu zikisubiri nyingine iharibike, ndiyo maana uwezo wao kwenye makaratasi unaonekana mkubwa kuliko matumizi.

Na mzigo mdogo nao ni balaa. Jirani yangu alichukua mashine kama yangu kwa ajili ya tivii, spika na kuchaji simu basi, sasa hivi eksozi yake inadondosha uji mweusi kama oili chafu, dizeli haiungui yote kwa sababu injini haipati moto wa kutosha. Kama kazi yako ni hiyo tafuta ndogo, usidanganywe.

Mafuta ndiyo yamekula nyota mbili. Jenereta za saizi hii hesabu kama lita 0.4 kwa kila yuniti ya umeme, lita ikiwa shilingi elfu tano za Uganda hivi hiyo ni elfu mbili kwa yuniti, na sijaweka nauli ya mtungi kwenye boti, wakati wenzetu wa bara wenye mita yuniti ya nyumbani haifiki hata elfu moja. Kuinunua si kazi, unalipa leo kesho unawasha, kazi ni kuilisha. Serikali nazo zinanasa hapo hapo, sisi wenyewe ziwa liliposhuka 2005 na 2006 mabwawa ya umeme ya Jinja yakakosa maji, ikakodiwa mitambo ya dizeli ya megawati 50 pale Lugogo, Kampala, iliwahi kweli lakini gharama yake tuliisikia.

Mtu ataniambia nunua sola. Ni sawa, ila hata Bugala, kisiwa chetu kikubwa, mtambo wao ulijengwa na sola ya kilowati 600 pamoja na dizeli ya megawati 1, dizeli haikuachwa. Shelisheli waliweka mitambo 8 ya upepo mwaka 2013, megawati 6, na bado wanategemea mafuta. Walioponyoka kweli ni Pemba, 2010 wakavutiwa waya chini ya bahari kutoka Tanga, mashine za dizeli za kituo chao cha Wesha zikapumzika. Sisi wa visiwa vidogo waya huo tutauota sana, kwa hiyo mimi mchana nataka paneli zibebe friza, jenereta ibaki ya usiku na siku za mvua.

Ukienda kununua uliza kama waya za ndani ni kopa (shaba) au aluminiamu, akianza kuzungukazunguka toka. Na filta za dizeli chukua kadhaa kabisa kabla hujapanda boti, dizeli ya kwenye mitungi ina uchafu mwingi na huku dukani filta hazipo.