OpenWrt kwa kuandika amri: alama ya dola ilivyonifungia nje

Mi nilikuwa mtu wa kubofya bofya tu. Ruta yangu ilikuja na ukurasa wake wa mipangilio, ukigusa kitu kimoja inajizima inawaka upya, unakaa unasubiri, ukikosea unaanza upya, mpaka siku nikachoka nikaiwekea OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta badala ya ile iliyokuja nayo, nikasema ngoja na mi niandike amri kama mafundi.

Mwanzo ulinitisha maana ukishaiweka waifai inakuja imezimwa kabisa, kwahiyo lazima waya. Nikachomeka kebo, nikaandika kwenye laptopu ssh root@192.168.1.1 (ssh ni njia ya kuingia kwenye ruta kwa maandishi), ikafunguka skrini nyeusi haina hata kitufe. Ila ukizoea mbona kawaida tu, uci ndo amri ya OpenWrt ya kusoma na kubadilisha mipangilio, uci show wireless inakumwagia mipangilio yote ya waifai, alafu kubadilisha ni hivi: uci set wireless.radio0.channel='6'. Na hapa ndo iliponinasa, kwasababu hata ukiandika uci set mara kumi waifai haiguswi mpaka uandike uci commit wireless (kuhifadhi) na wifi reload (waifai isome mipangilio mipya). Kabla ya hapo unaangalia kwa uci changes umechokonoa nini na nini, ukiona umeboronga uci revert wireless inafuta yote. Ule ukurasa wa zamani haukuwahi kunipa nafasi hiyo.

Sasa kisanga. Paswedi niliyotaka ilikuwa simba$2024 (nshaibadilisha, msihangaike), nikaiandika "simba$2024" na alama za kunukuu zile za mbili mbili, nikakomiti, waifai ikatokea kwenye simu safi kabisa, naingiza paswedi inakataa. Naingiza tena, inakataa. Nikailaumu simu, nikafuta mtandao nikaunga upya, nikazima nikawasha, karibu saa nzima imeenda. Narudi kwenye waya naandika uci get wireless.default_radio0.key, naona simba024. Nilicheka peke yangu! Kumbe dola ikiwa ndani ya alama zile ruta inadhani $2 ni kitu chake, inakitafuta haikioni, basi inaimeza. Na zikabaki herufi 8 kamili ambazo ndo kiwango cha chini cha paswedi ya WPA2 (ule ulinzi wa waifai), ingepungua moja tu waifai isingewaka na ningeshtuka mapema. Siku hizi paswedi naifunga kwa alama za moja moja tu, 'hivi'.

5 GHz nayo, ile waifai ya pili ya ruta mbali na ya 2.4 GHz, ilinipa presha. Niliweka chaneli 100 nikareload, kimya, nikajua tayari nimeua redio. Kucheki logread (amri ya kusoma kumbukumbu za ruta) nakuta DFS-CAC-START, yaani chaneli hizo zinatumiwa na rada pia, kwahiyo inasikiliza kwanza sekunde 60 ndo ianze kurusha. Ilikuwa inasikiliza tu masikini.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nimeikata kwa ajili ya majina, radio0 na radio1 hayakwambii ipi ni 2.4 ipi ni 5, mpaka uulize uci get wireless.radio0.band, na mi mara ya kwanza nilikuwa nahangaika na redio isiyo yenyewe.

Saivi faili la /etc/config/wireless nimelikopi kwenye laptopu. Na ile kebo bado inaning'inia nyuma ya meza, sijathubutu kuitoa.