Meza za ofisi: usianze na mbao gani, anza na ukingo na miguu (uzoefu wangu)

Mi nina ofisi ndogo ya stesheneri na uwakala wa pesa huku Temeke, watu wanaingia na kutoka kutwa nzima, chai, mihuri, mashine ya kopi, mtoto anapandishwa juu ya meza wakati mama anatoa hela, kwa hiyo meza kwangu si pambo, inafanya kazi kweli kweli. Nimeshatumia za dukani, nikatumia ya mninga, na sahivi nina hizi nilizotengenezewa na mafundi wa fanicha wa Keko, hapa hapa Dar. Watu wengi wakienda kununua swali la kwanza ni "hii mbao gani?", mi naona hilo lingekuja hata la tatu, maana meza nyingi nilizoona zinakufa zinaanzia ukingoni na miguuni.

Za dukani ni zile za chipubodi yenye melamini, zinakuja kwenye boksi unafunga mwenyewe. Sizipondi zote, uso wake mzuri tu, haupauki haraka na chai ikimwagika unafuta yanaisha. Shida ndani ni chembechembe za mbao zilizobanwa na gundi, melamini imefunika juu na chini, pembeni wamebandika ule utepe mwembamba wa plastiki, mafundi wanauita ejibandi, nyingi haufiki hata milimita moja. Ukibanduka kidogo tu maji yameshapata mlango. Na watu wanaogopa chai, kumbe adui mkubwa ni dekio! Meza hizo miguu yake ni ubao wenyewe umesimama sakafuni, kila asubuhi dada akideki ubao unanyonya maji ya sabuni, taratibu taratibu mpaka chini panafura kama mkate uliolowekwa kwenye chai, na chipubodi ikifura hairudi, ikikauka inabaki inamomonyoka na skrubu hazishiki tena. Ukiifungua na kuifunga tena kwa sababu umehama fremu ndo kabisa, matundu yanalegea.

Kama bajeti ni hiyo chukua tu, ila tafuta yenye ejibandi nene ya milimita 2, ubao wa juu uwe wa milimita 25 hasa kama meza ni ndefu maana wa 18 bila nguzo ya katikati unashusha tumbo, alafu miguu iwe ya chuma au iwe na vile vikanyagio vya plastiki vinavyoinua ubao usiguse sakafu. Inuse pia kabla hujalipa. Ile harufu kali inayowasha macho inatoka kwenye gundi, ni fomaldihaidi, na kwenye chumba kidogo cha AC chenye madirisha yaliyofungwa haikuachi mapema.

Ya mninga sasa. Mninga wenyewe sina neno nao, ukikaushwa vizuri haupindi pindi, mchwa hawaupendi, rangi yake unajua mwenyewe. Ila mkono wa mteja haugusi mninga, unagusa vanishi, na hapo ndo pa kuulizia maswali mengi kuliko jina la mti. Fundi wa ile meza alipiga sila, yaani ile ya kwanza ya kuziba vinyweleo vya mbao, akapiga msasa, akamalizia na laka ya kawaida ile ya kuchanganya na thina, siku ya kwanza kila anayeingia anasifia. Kikombe cha moto kikakaa, duara jeupe. Sanitaiza, hizi tulizozoea kuweka mezani tangu 2020, spiriti yake inalainisha laka, chupa ikivuja unakuta chini yake pananata. Na wino wa muhuri ndo usiseme, kuutoa unataka spiriti, na spiriti ndo hiyo hiyo inayokula finishi, sasa utafanyaje.

Kama moyo wako uko kwenye mbao nzima, mwambie fundi apige ile ya makopo mawili, poliurithani na hadina yake, yaani dawa ya kuigandisha, hiyo ikishakauka inavumilia joto na spiriti vizuri zaidi. Omba mati, usiombe inayong'aa, taa za juu hazikupigi machoni na mikwaruzo haijitangazi. Ubaya wake ikichubuka kuziba kiraka ni kazi, mara nyingi unakwangua uso mzima, wakati laka ya kawaida unapita msasa kidogo unarudia inashikana. Alafu uliza mbao imekaushwa wapi na vipi, mbao mbichi ukiiweka chini ya AC inaachia viungo hata iwe mkongo au mtiki. Paini ya Mafinga mi naiweka kwenye rafu, juu ya meza ya kuandikia risiti za kaboni hapana, ni laini, ukikandamiza kalamu mchoro unabaki kwenye mbao.

Hizi za Keko: uso ni plaiwudi ya milimita 18, juu fomaika ya kijivu mati, ukingo ni kipande cha mninga kimezunguka pande zote nne, miguu skwea paipu, yale mabomba ya chuma ya mraba. Fomaika si kitu kipya, Wamarekani waliibuni 1912 kwa ajili ya kukinga umeme kwenye mitambo, mambo ya meza yakaja baadaye, ni karatasi nyingi zilizoloweshwa resini zikabanwa kwa joto kali. Kikombe hakiachi duara, wino wa muhuri nafuta kwa pamba yenye spiriti na meza haijui kama kuna kitu kilipita. Kisu cha kukatia karatasi kinaichora, asikudanganye mtu, weka mkeka wa kukatia. Ukingo wa mninga viti vinaugonga kila siku, umebonyea bonyea lakini haujabanduka popote, na ukichakaa sana ni msasa tu.

Kitu ambacho nisingekijua, fundi aliniambia "bosi, nikikubandikia juu tu itakuja kukunja", akabandika na chini fomaika ya bei rahisi isiyoonekana. Ubao ukifunikwa upande mmoja unavuta unyevu upande mwingine, unapinda. Wewe ukienda kukagua piga magoti uangalie chini ya meza, na gonga gonga juu kwa kucha, ukisikia panalia wazi gundi haikushika, alibandika kabla haijakauka vizuri.

Kasoro zipo. Alichelewa, fundi ni fundi. Miguu alipiga rangi ya spreyi moja kwa moja bila praima, ile rangi ya chini ya kuzuia kutu, na hakusafisha vizuri palipochomelewa, sasa meza iliyo chini ya AC inayodondosha maji imeanza kutu kwenye maungio, na kwa unyevu wa Dar sitegemei hiyo kutu itasimama yenyewe. Ukiweza lipia pauda koti, ile rangi ya unga inayochomwa kwenye tanuri, na mabomba yazibwe midomo kwa raba ili maji ya kudeki yasiingie ndani. Bei ilizidi za dukani ila ukilinganisha na mninga mtupu ni chini sana.

Droo zake ndo siwezi kumshauri mtu, reli nyepesi, ukijaza rimu za karatasi inakwama. Nimezing'oa, nimenunua kikabati cha chuma cha magurudumu nakisukumia chini ya meza, kina kitasa chake na hata nikihama fremu nakikokota tu.