Tochi ya Kuweka kwenye Sanduku la Vifaa: Uzoefu Wangu

Tochi nyingi hununuliwa kwa sababu ya mwanga wake, lakini zile za kwenye sanduku la vifaa mara nyingi hufa zikiwa zimezimwa. Tochi ya mfukoni hutumika kila siku, na betri ikianza kuchoka mwenyewe anajua. Ya sandukuni inalala miezi chini ya nyundo na spana bila mtu kuikumbuka, halafu usiku mmoja bomba linapasuka au fyuzi inaungua, na inatakiwa iwake papo hapo. Kwa hiyo nikishika tochi ya kazi hiyo sianzi kuuliza ina lumeni ngapi, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Nauliza kama ikilala mwaka mzima itawaka.

Niliyo nayo sasa ni ya alumini, imezidi kiganja kidogo kwa urefu, inatumia betri mbili za AA, swichi iko kwenye kitako, na ina viwango viwili tu vya mwanga. Haina tundu la chaji, haina taa ya kumetameta, haina mbwembwe. Ukisoma maelezo ya boksi lake utaiona duni. Kwangu imezishinda zote zilizoitangulia humo sandukuni, na sababu ya kwanza ni betri.

Betri za kawaida za alkalini ndizo adui mkubwa wa tochi inayolala. Zinapoisha, hasa zikiachwa ndani kwa muda mrefu, hutengeneza gesi ya haidrojeni. Shinikizo likizidi, kizibo kinaachia na maji ya potasi haidroksaidi yanatoka. Yakikutana na hewa yanageuka ule ungaunga mweupe ambao kila fundi anaujua. Ungaunga huo ukishika springi, umeme haupiti. Ukikaa sana unakula hata alumini yenyewe, betri inavimba na kung'ang'ania ndani ya tochi kiasi kwamba haitoki hata kwa koleo. Kuchanganya betri mpya na kuukuu huharakisha maafa: ile dhaifu inaisha kwanza, mwenzake anaendelea kuisukumia umeme kinyumenyume, nayo inavuja. Kama uharibifu bado ni mdogo, tone la siki au maji ya limau kwenye pamba linayeyusha ungaunga huo, ila vaa glavu na ulinde macho, maana ni kemikali inayounguza.

Mimi ya kwangu nimeiwekea betri za lithiamu za AA zisizochajiwa, zile za volti 1.5. Ni ghali kuliko alkalini na hilo sibishi. Lakini watengenezaji huzipa miaka 20 au hata zaidi ya kukaa bila kutumika, hazina tabia ile ya kuvuja, na zinahimili kuanzia nyuzi 40 chini ya sifuri hadi nyuzi 60 za Selsiasi. Kwa sanduku linalokaa ndani ya gari lililoegeshwa juani, hicho si kitu kidogo. Halafu ni nyepesi: gramu 15 hivi moja, wakati ya alkalini inafika 23. Na siku zikiisha porini au usiku wa manane, AA yoyote inaingia. Hapo ndipo tochi zenye betri maalumu hunishinda. Zinazotumia betri ya 18650, yaani ile nene ya milimita 18 kwa urefu wa milimita 65, zina nguvu sana na nazipenda kwa kazi ya kila siku. Ila betri hiyo ikikuishia huipati kila mahali, na joto la muda mrefu huizeesha hata kama hujaigusa. Tochi ambazo betri yake imefungiwa ndani moja kwa moja sizipendekezi kabisa kwa sandukuni: betri ikifa, tochi nzima imekufa.

Swichi nayo ni habari ndefu kuliko inavyoonekana. Ya kwangu ni ya kubonyeza na kusikia mlio: ikizimwa, njia ya umeme imekatika kabisa. Tochi nyingi za kisasa zina kitufe laini cha ubavuni ambacho hakikati umeme. Kinaituma tu saketi ndani ilale, na saketi hiyo inaendelea kunyonya kidogo kidogo ikisubiri kubonyezwa. Kwenye tochi iliyotengenezwa vizuri unyonyaji huo ni mdogo mno. Kwenye ya ovyo, betri zinakauka ndani ya miezi michache nawe hujaiwasha hata mara moja. Tena kitufe kilichojitokeza nje hubonyezwa na chochote mfuniko unapofungwa. Tochi inawaka gizani humo, inapata joto, inajimaliza. Tafuta swichi iliyozama kidogo ndani ya ukingo wake.

Kama tayari unayo yenye kitufe cha namna hiyo, usiitupe. Legeza kitako robo mzunguko kabla ya kuirudisha sandukuni. Kwenye alumini iliyopakwa ngozi ngumu ya anodi, ile ya kuilinda, hadi kwenye hesi, ngozi hiyo haipitishi umeme, kwa hiyo kulegeza kidogo tu kunakata njia. Hesi zikiwa tupu zinang'aa, ujanja huu hauwezi kufanya kazi mpaka uifungue zaidi.

Sasa mwanga. Tarakimu za lumeni kwenye maboksi ya tochi za bei rahisi ni za kubuni tu, mimi huzipita. Ninachotafuta ni alama ya kipimo cha ANSI FL 1, kiwango cha Marekani kilichotoka mwaka 2009, kwa sababu angalau hapo najua namba zinamaanisha nini. Muda wa kuwaka hupimwa hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ulivyoanza. Umbali ni pale mwanga unapobaki laksi 0.25 (laksi hupima mwanga unaoangukia kitu), karibu sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu. Kwa maneno mengine, ukisoma "saa 20" usidhani ni saa 20 za mwanga ule ule wa mwanzo, na ukisoma "mita 100" usidhani utasoma kibao cha namba ukiwa umbali huo. Kwa kazi ya vifaa mita 100 hazina maana yoyote. Unachoangalia kiko umbali wa mkono, na mwangaza mkali wenye kitovu kimoja unakurudia usoni kutoka kwenye bomba linalong'aa. Taka mwanga uliotawanyika, na kiwango cha chini ambacho kweli ni cha chini.

Jambo ambalo watu hulisahau ni rangi. LED ya bei rahisi hutoa mwanga mweupe wa kibuluu wenye upungufu wa wekundu, na chini yake kahawia, nyekundu na rangi ya chungwa hufanana. Kwa kutafuta ufunguo ulioanguka haidhuru. Kwa nyaya inadhuru: kwenye mfumo unaotumika nchi nyingi, kahawia ndiyo yenye umeme, buluu ni nyutro, kijani yenye mstari wa njano ni ardhi, na nyaya za zamani zinaweza kuwa na nyekundu mle mle. Anayetengeneza redio anajua zaidi, kwani kwenye mistari ya vizuizi vya umeme (resista) kahawia ni 1, nyekundu ni 2, chungwa ni 3. Ukikosea rangi, umekosea thamani. Chini ya gari pia, mafuta mekundu ya giaboksi na mafuta meusi ya injini yanatofautishwa kwa rangi. Kipimo cha jambo hili huandikwa CRI, na kikomo chake ni 100. Ya kwangu imeandikwa 90, na ni kweli nikiiweka pembeni ya tochi nyingine nyaya zinaonekana kama za mchana. Gharama yake ni kwamba LED za namna hiyo hutoa lumeni chache kidogo. Naikubali biashara hiyo bila kusita.

Kuhusu kuanguka sina mengi. Enzi za balbu, uzi wa ndani ulikuwa ukikatika kwa mtikisiko. Maglite, tochi za alumini zilizoingia sokoni mwaka 1979, ziliwekewa balbu ya akiba kwenye kitako. LED haina uzi wa kukatika. Kipimo cha FL 1 kinataka tochi ianguke angalau kutoka mita 1 juu ya zege, na karibu zote nzuri hupita. Kwenye maji, alama ya IPX4 ni kurushiwa matone, IPX7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30. Ila ile X inamaanisha vumbi halikupimwa, na sandukuni kuna vumbi la zege na unga wa chuma kuliko maji. Ukipata IP67, chukua hiyo: 6 ni kwamba vumbi haliingii kabisa.

Kasoro za ya kwangu zipo. Ni nyeusi, hivyo inapotea katikati ya vifaa vyeusi. Nimeizungushia utepe wa manjano. Inabingirika ikilazwa kwenye mteremko. Haina sumaku kitakoni, na kuna siku ningependa kuibandika kwenye boneti nikashika spana kwa mikono yote miwili, ingawa sumaku nazo hukusanya unga wa chuma mpaka zikaonekana zina ndevu. Kwa anayezama kwenye injini kila siku, tochi hii haimtoshi. Achukue taa ya kichwani ya kuchaji, na hii aiache sandukuni kama ya akiba.