Karatasi ambayo sikuisaini: uzoefu wangu na huduma ya ushauri kwa majeruhi wa ajali za magari

Siku ya tisa baada ya ajali, nikiwa bado ninalala kwa kuketi kwa sababu ya maumivu ya mbavu, kampuni ya bima ya dereva aliyetugonga ilinipigia simu kuniarifu kwamba hundi yangu iko tayari na kilichobaki ni sahihi tu. Nilifurahi, kwa kuwa fedha zile zingetosha kulipa bili zote za hospitali zilizokuwapo hadi siku ile. Ndugu yangu ndiye aliyenisihi niipeleke kwanza karatasi hiyo kwa huduma ya ushauri wa kisheria na bima ambayo yeye mwenyewe aliwahi kuitumia.

Mshauri aliisoma yote kimya, kisha akaweka kidole kwenye aya ya nne na kunitaka niisome kwa sauti. Ilisema kwamba kwa kupokea malipo hayo ninaachilia madai yote yatokanayo na ajali, yanayojulikana na yasiyojulikana, ya sasa na ya baadaye. Akaniuliza kama daktari amekwisha kusema nitapona lini. Hakuwa amesema. Akanifafanulia kwamba maumivu ya shingo na mgongo aghalabu hujitokeza saa au siku kadhaa baada ya kishindo, na kwamba hati ya namna ile ikishasainiwa ni vigumu sana kuitengua mahakamani. Sikuisaini. Wiki ya tano mkono wangu wa kushoto ulianza kufa ganzi, na kipimo cha MRI kikaonyesha pingili ya shingo iliyokuwa ikibana mshipa wa fahamu.

Walinifundisha pia kutenganisha gharama zinazothibitishwa kwa risiti, kama vile dawa, nauli za kwenda kliniki na mshahara uliokatwa, na fidia ya maumivu yenyewe, ambayo haina risiti. Kwa ajili ya fidia hiyo ya pili walinipa daftari niandike kila siku jambo nililoshindwa kulifanya. Nililiona zoezi hilo kuwa la kitoto, lakini baadaye daktari aliyeandika ripoti yangu alilinukuu mara kadhaa.

Jambo lililonigusa zaidi ni la mkanda. Kampuni ya bima ilidai kwamba mimi, abiria wa kiti cha mbele, sikuwa nimefunga mkanda, na kwa hiyo fidia ipunguzwe. Mshauri alinieleza kwamba hoja hiyo ina uzito kisheria: katika kesi ya Froom dhidi ya Butcher, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1975, iliwekwa kanuni kwamba fidia ipungue kwa 25% ikiwa mkanda ungezuia jeraha lote, na kwa 15% ikiwa ungelipunguza kwa kiasi kikubwa. Kisha akaniuliza kama kuna yeyote aliyenipiga picha hospitalini. Dada yangu alikuwa amenipiga siku ya pili, nimefunua kifua, na damu iliyovilia ilikuwa imechora mstari mpana wa zambarau kutoka begani hadi kiunoni, mahali pale pale mkanda unapopita. Siku ambayo dai lile lilitolewa, alama hiyo ilikuwa imekwisha kufutika mwilini mwangu. Picha ilipelekwa, na hoja ya mkanda haikurudi tena.

Sina budi kueleza na upungufu wao. Simu zangu zilikaa siku tatu au nne bila kujibiwa, jambo linaloumiza mtu aliye kitandani akingoja habari. Zaidi ya hayo, mkataba wao ulisema ada ni asilimia ya malipo bila kufafanua kama inakatwa kabla au baada ya kuondoa gharama za ripoti za madaktari, na tofauti hiyo si ndogo. Niliuliza, wakakubali kuandika kwamba gharama zinaondolewa kwanza, nami nikasubiri hadi waliponiletea ukurasa mpya wenye maneno hayo ndipo nikatia sahihi.