Uzoefu wangu na Perpetual Burn, albamu ya gitaa ya Jason Becker

Albamu ya Perpetual Burn ya mpiga gitaa Mmarekani Jason Becker ilitolewa mwaka 1988 na kampuni ya Shrapnel Records ya California, na hadi leo watu wengi wanaoitaja husifu kwanza kasi ya vidole vyake. Nimekuwa nayo kwa miaka mingi, mwanzoni katika diski na sasa katika simu, na kadiri ninavyozidi kuisikiliza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba sifa hiyo, ingawa ni ya haki, imeifunika sifa iliyo kubwa zaidi, yaani utunzi. Zimo nyimbo nane, hazina mwimbaji, na zote kwa pamoja hazizidi sana dakika 40. Lakini hakuna mahali ambapo nilitamani sauti ya binadamu iingie kujaza pengo.

Becker alizaliwa Richmond, California, mwezi Julai 1969, kwa hiyo alirekodi kazi hii akiwa na miaka 18 hivi. Tayari alikuwa ametoa albamu moja mwaka 1987 pamoja na mpiga gitaa mwenzake Marty Friedman katika kundi lao la Cacophony. Zama hizo Mike Varney, mwenye Shrapnel, alikuwa akiwasaka vijana wenye uwezo wa pekee katika gitaa la umeme na kuwapa nafasi ya kurekodi muziki mzito wa metali usio na maneno, na albamu za aina hiyo zikawa nyingi. Nyingi kati ya hizo naziheshimu, ila sizirudii mara kwa mara, kwa sababu baada ya nyimbo mbili au tatu sikio linabaki na mshangao bila kubaki na wimbo. Hii ni tofauti. Becker alipiga magitaa, besi na vinanda mwenyewe, Atma Anur akapiga dramu, na Friedman akasaidia katika baadhi ya solo. Unasikia waziwazi kwamba mtu mmoja aliibeba kazi yote kichwani kabla ya kuzigusa nyuzi.

Wimbo wa kwanza, Altitudes, ndio uliowafikisha wengi kwa Becker, nami ni mmoja wao. Wengine hukimbilia ule msururu maarufu wa arpejio, ambapo noti za kila kodi, yaani kundi la noti zinazopatana, hupigwa moja moja kwa mfuatano wa haraka, kidole cha mkono wa kushoto kikiachia kila uzi mara tu mkono wa kulia unapoupita. Ninawashauri wasikilizaji wapya wasiruke mwanzo. Mwanzoni gitaa linaimba polepole, noti zinavutwa hadi zifike pale zinapotakiwa, na mtetemo wa kidole juu ya uzi ni mpana na wenye utulivu ambao si kawaida kuusikia kwa mtu wa umri ule. Msururu wa arpejio unapofika baadaye, tayari umeshapewa sababu ya kuwapo: kodi zinabadilika chini yake kwa mpangilio wenye huzuni unaopanda, na ile kasi inakuwa njia ya kuzisema kodi zote kwa pumzi moja. Nimejaribu kuupiga msururu huo kwa mwendo wa taratibu kabisa, na hata hapo unabaki kuwa muziki mzuri. Kwangu huo ndio ushahidi wa utunzi, maana sehemu nyingi za haraka katika albamu nyingine za wakati ule, ukizipunguza mwendo, hubaki mazoezi ya vidole tu.

Kuna wimbo mwingine ambao kwa maoni yangu ungetosha peke yake kumfanya mtu ainunue albamu hii, nao ni Air. Hauna dramu. Becker amerekodi magitaa kadhaa, mengine yenye sauti safi na mengine yenye mkwaruzo, kisha akayapanga kwa kanuni ambazo watunzi wa Ulaya kama Johann Sebastian Bach walizifuata: kila sauti ina njia yake kamili, zinapishana, zinakutana, zinaachana, na hakuna hata moja iliyowekwa kuisindikiza nyingine. Ni kama miaa ya ukili, ambapo ukifuata mmoja kwa jicho unauona unapita juu na chini ya mingine bila kukatika. Msikilizaji aliyekulia katika muziki wa dansi anayo tayari sehemu ya sikio linalohitajika hapa, kwa kuwa anajua namna gitaa la solo, la rithimu na lile la kati ambalo Wakongo huliita mi-solo yanavyosemezana ndani ya wimbo mmoja. Tofauti ni kwamba katika Air hakuna duara linalorudiwa. Mazungumzo yanasonga mbele muda wote. Ninapendekeza usikilizwe kwa vipokea sauti vya masikioni, mahali pasipo na kelele, kwa sababu spika ya simu huzichanganya sauti hizo na kuua kilicho bora ndani yake.

Nyimbo nyingine hazilingani kwa uzito. Mabel's Fatal Fable na ule unaobeba jina la albamu ni za nguvu na kasi, na zinampa mpenzi wa metali anachokitafuta. Opus Pocus umenikaa rohoni zaidi, kwa kuwa unajenga hali ya utusitusi bila haraka. Katika Temple of the Absurd na Dweller in the Cellar kuna mawazo mengi mno yaliyobanwa karibu karibu, na mara nyingine wazo zuri linaondolewa kabla sijalizoea. Naliona hilo kuwa kosa la wingi wa ujuzi katika umri mdogo, wala halinizuii kuzisikiliza.

Lawama yangu kubwa ni sauti ya kurekodiwa. Dramu zina mwangwi mwingi wa miaka ya 1980, besi imefichika nyuma ya magitaa, na kwa jumla sauti ni nyembamba kwa mtu aliyezoea metali ya leo. Kuongeza besi kidogo katika simu au redio husaidia. Upigaji wenyewe sina la kuulaumu.

Siwezi kuandika kuhusu albamu hii nikanyamazia yaliyofuata. Becker alichukuliwa katika bendi ya mwimbaji wa roki David Lee Roth, akarekodi naye albamu iliyotoka mwaka 1991, lakini tayari, akiwa na miaka 20, alikuwa ameambiwa kwamba ana ugonjwa wa ALS, unaoua neva zinazoendesha misuli. Madaktari walimpa miaka michache ya kuishi. Alipoteza uwezo wa kutumia mikono, kutembea na kusema; baba yake akabuni utaratibu wa kusoma herufi kwa mwendo wa macho, na kwa njia hiyo Becker ameendelea kuzungumza na kutunga. Wapo wanaoisikiliza Perpetual Burn kwa huruma, nami nawasihi waache, kwa sababu muziki huu ulipigwa na kijana mwenye afya na furaha, na unastahili kupimwa hivyo. Anayetaka kujua kama kipaji kilikuwa katika vidole au katika akili aisikilize albamu yake Perspective ya mwaka 1996, kisha Triumphant Hearts ya mwaka 2018, ambayo wapiga gitaa wengi mashuhuri walikuja kupiga alichokitunga.

Kwa mwanafunzi wa gitaa, albamu hii ni ya lazima, mradi aanze na Air kwa mwendo wa taratibu kabla ya kuzigusa arpejio za Altitudes. Kwa asiyepiga chombo chochote na asiyependa metali, ninashauri asikilize kwanza hizo mbili na Opus Pocus. Zikimgusa, ainunue albamu nzima, na zisipomgusa, zile nyingine tano hazitambadilisha.